Kriketi ya Nairobi Ndani ya Filamu ya Soka

Filamu ya Bend It Like Beckham husimuliwa kama kisa cha binti anayetaka kucheza mpira. Mimi naiona zaidi kuwa filamu ya baba yake. Na baba huyo alikulia Nairobi.

Kwa ambao hawajaitazama: ilitoka mwaka 2002. Jess Bhamra ni binti wa Kalasinga anayeishi Hounslow, magharibi mwa London, jirani kabisa na uwanja wa ndege wa Heathrow. Chumba chake kimejaa picha za mwanasoka David Beckham, na jioni hucheza na wavulana bustanini. Jules, msichana wa Kiingereza, anamwona na kumvuta kwenye timu ya wanawake. Nyumbani mambo ni mengine. Dada yake Pinky anaolewa, jamaa wanaingia na kutoka, na mama ana hoja yake: nani atamtaka mkamwana anayekimbizana na mpira kutwa, hata chapati ya duara haimtoki? Basi Jess anasingizia kazi ya likizo ili aende mazoezini. Kisha fainali inaangukia siku ileile ya harusi.

Vicheko ni vingi, na vingine vinaelekezwa upande ambao hukuutarajia. Mama yake Jules, Mwingereza wa kuzaliwa, naye hana usingizi kwa sababu binti yake anapenda mpira kuliko magauni. Hilo nalipenda mno. Gurinder Chadha, aliyeongoza filamu hii, hakukubali kusema kwamba kumfunga msichana kamba ni tabia ya wageni peke yao. Nyumba mbili zina hofu moja, ila moja ina picha ya Guru Nanak wa Makalasinga ukutani.

Sasa tumwangalie mzee Bhamra, aliyeigizwa na Anupam Kher. Kocha anakuja nyumbani kumwombea Jess, na hapo ndipo mzee anapofungua moyo. Alipokuwa kijana Nairobi alikuwa mrushaji hodari wa mpira wa kriketi, na timu yao ilitwaa kombe la Afrika Mashariki. Alipofika Uingereza, wachezaji wa klabu walikicheka kilemba chake wakamfukuza. Akaapa kutocheza kriketi tena. Kwa hiyo anapomwambia bintiye aache mpira, anamkinga na mlango uliofungwa usoni pake yeye mwenyewe.

Sisi wa huku tunamfahamu mzee huyu. Baba na babu wa Makalasinga wengi wa Kenya walikuja kutoka Punjab wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda, kazi iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Hekalu lao la Makindu, kando ya barabara kuu ya Mombasa, hadi leo humpa chakula kila anayepita bila kumuuliza dini yake. Joginder Singh alishinda mbio za magari za Safari mwaka 1965, kisha 1974 na 1976, na watoto wa Kenya wakalijua jina lake. Sisemi Nairobi ya mkoloni ilikuwa pepo. Klabu zake zilibagua watu kwa rangi, na Mwafrika ndiye aliyesukumwa mbali zaidi. Lakini kijana wa Kikalasinga aliweza kuvaa kilemba, akashika mpira na kushangiliwa na watu wake. Chadha mwenyewe alizaliwa Nairobi mwaka 1960, wazazi wake wakamhamishia Southall, London, akiwa bado mdogo sana. Naamini ndiyo maana simulizi la mzee yule halisikiki hata chembe kama la kubuniwa.

Katika harusi mzee anamwona binti yake amenuna katikati ya ngoma, anamruhusu aende akacheze. Baadaye anaieleza familia sababu: yeye alipofukuzwa alinyamaza, na aliyeumia ni yeye. Hataki Jess arithi ukimya huo. Jess anapata nafasi ya kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Santa Clara, California, na anapanda ndege kwa baraka za wazazi.

Mwaka huohuo wa 2002 ilitoka pia filamu ya My Big Fat Greek Wedding, kisa cha Toula, binti wa Kigiriki wa Chicago. Ilitengenezwa kwa dola milioni 5 hivi na ikaingiza zaidi ya milioni 350. Ni filamu ya kuchekesha kwelikweli, lakini uhuru wa Toula unapitia kwa mchumba, na baba yake amewekwa zaidi ili tumcheke. Jess naye anampenda kocha wake, ila ndoto yake ilikuwapo kabla ya kocha na ingebaki hata bila yeye. Kwangu Jess ameshinda.

Ila nina dai moja. Kila kitu katika filamu hii kinaamuliwa na kauli ya baba. Mama yeye anatukumbusha tu kwamba katika umri wa Jess alikuwa ameshaolewa. Kabla ya kuolewa alitaka nini? Nani alimkataza? Hakuna anayemuuliza, na tunaondoka tukimkumbuka kwa mapishi na makelele, ilhali mumewe amepewa historia nzima.

Wako akina mama wa namna hiyo Muscat, London na Minneapolis, walioondoka Unguja, Bukavu au Mombasa na mambo yao moyoni, na leo wanagombana na mabinti zao kwa Kiswahili huku mabinti wakijibu kwa lugha nyingine. Nawaomba waandishi wa filamu wa Nairobi na Dar es Salaam, na ninyi vijana wetu mlioko ughaibuni wenye kalamu na kamera: mwandikieni mama huyo filamu yake, ichekeshe vilevile. Anzeni kwa kuwauliza mama zenu wakati wangali hai.