Kompyuta Huchora Kilichopimwa
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika)



Maji ya chini ya ardhi ni kama akiba ya chama: hayaonekani kwa macho, bali hujulikana kwa hesabu. Achotaye bila kutazama daftari hugundua upungufu siku akiba inapokwisha.

Siku hizi wataalamu huyaonyesha maji hayo kwa picha za kompyuta. Huiingizia kompyuta kina cha maji katika kila kisima, kiasi cha mvua, maji yanayovutwa na pampu, na aina ya miamba. Nayo huchora ramani za rangi zinazoonyesha maji yaliko, yanakoelekea, na yatakavyoshuka iwapo pampu zitaongezwa. Hivyo hata asiye mtaalamu huweza kuiona hali na kutoa shauri mkutanoni.

Tuchukue mfano wa Makutupora, ambako visima huupatia mji wa Dodoma maji. Mwaka 2013 watafiti walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za kina cha maji za miaka 55 mahali hapo. Zilipochorwa, ilidhihirika kwamba akiba haijazwi sawasawa kila msimu. Mstari hushuka polepole kwa miaka, kisha hupanda ghafla baada ya misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997–98. Maana yake, neema ya msimu mmoja haina budi kutosha miaka mingi.

Hata hivyo, picha haichukui nafasi ya kipimo. Mwaka huohuo wa 2013, huko Turkana, Kenya, ilitangazwa kwamba setilaiti na rada zimeonyesha hazina kubwa ya maji katika bonde la Lotikipi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa kunywa. Picha ilionyesha wingi, haikuonja maji.

Kwa hiyo, Ndugu Makatibu, kazi inaanzia kwetu. Kila chama chenye kisima kiteue mtu wa kupima kina cha maji kwa kamba yenye alama, tarehe ileile kila mwezi, asubuhi kabla pampu haijawashwa. Aandike kina, mvua, na saa za kazi ya pampu. Daftari hilo litunzwe kama daftari la hisa. Asiye na kompyuta achore mstari kwenye karatasi ya miraba na kuubandika ofisini. Mstari ukishuka, mkutano uamue zamu za kumwagilia kabla kisima hakijatuamulia.