Toka Netiboli Hadi Dhahabu ya Raga



Portia Woodman wa New Zealand alijulikana kwanza kwa netiboli. Mwaka 2009 ilikubaliwa raga ya wachezaji saba iingie Olimpiki. Mwaka 2012 chama cha raga cha nchi hiyo kikawaita wasichana wa michezo mbalimbali waje wapimwe. Uzoefu wa raga, tanabahini, haukuwa sharti. Woodman akaitika.

Huko Rio mwaka 2016 walishindwa na Australia katika fainali, 24 kwa 17. Baadaye akaumia kano ya kisigino, na kwa mchezaji anayetegemea mbio hilo si jambo dogo. Alirejea, akatwaa dhahabu Tokyo mwaka 2021 na nyingine Paris mwaka 2024.

Sisi tunao wasichana wa netiboli katika shule zetu tele. Anayejua nani mwepesi na nani hakati tamaa ni mwalimu wao, wala si jalada la ofisini. Naomba basi, saa ya michezo ikifika, wasichana hao wasipewe fagio wakati wavulana wanapewa mpira.