Fidia ya Udhia wa Kudumu



Tumeombwa tuseme juu ya jambo ambalo sisi makarani hulikuta mara nyingi katika barua za watu: mtu akiharibiwa makao yake kwa moshi, vumbi au kelele za jirani, fidia yake hupimwaje? Tutafuata desturi ya Marekani, maana huko kazi hiyo mara nyingi hupewa juri, yaani raia wa kawaida walioapishwa, wala si wanasheria.

Swali la kwanza ni hili: udhia huo ni wa kupita au wa kudumu? Ukiwa wa kupita, mwenye nyumba hulipwa hasara ya siku zilizokwisha pita, kama vile upungufu wa kodi. Nao ukirudi aweza kushtaki tena. Ukiwa wa kudumu, hushtaki mara moja tu. Juri huangalia bei ambayo nyumba ingepata sokoni pasipo udhia, hutoa bei yake pamoja na udhia, na tofauti ndiyo fidia, ya jana na ya kesho pia. Tena muda wa kushtaki huhesabiwa tangu udhia ulipodhihirika. Katika Texas ni miaka 2. Basi yule mwungwana asemaye, "Na tungoje, labda watapunguza kelele," aweza kukuta mlango umekwisha fungwa. Twaona hilo ni kali mno kwa watu wapole.

Walakini juri hairuhusiwi kubahatisha. Huko huko Texas, watu waliokaa karibu na kituo cha kusukuma gesi walishtaki kwa ajili ya kelele na harufu, na juri ikawapa fedha. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ya jimbo ilisema kwamba mwenye mali aweza kushuhudia bei ya mali yake mwenyewe, lakini sharti aeleze ameipataje: kwa nyumba jirani zilizouzwa, au kwa makadirio ya kodi ya serikali. Kutaja tarakimu tu hakutoshi. Kesi ikarudishwa isikizwe upya.

Iliyo mashuhuri zaidi ni ya kiwanda cha saruji karibu na Albany, New York, iliyoamuliwa mwaka 1970. Hapo aliyepima hasara ni jaji, si juri. Kiwanda kiligharimu zaidi ya dola milioni 45 na kuajiri watu zaidi ya 300. Hasara ya kudumu ya majirani ilipimwa dola 185,000. Mahakama ya rufani ikaamua kwamba kikiisha lipa, kisizuiwe. Jaji Jasen alikataa: kwake, hiyo ilikuwa kama kumwuzia mkosaji ruhusa ya kuendelea kukosa. Sisi twamwelekea yeye, ijapokuwa wale 300 nao wana watoto wa kulisha.

Malipo hayo huifunga ardhi yenyewe, si mtu peke yake. Anunuaye nyumba ile baadaye huinunua pamoja na vumbi lake, wala hana dai tena juu ya kiwanda kwa udhia ule ule.