Ratiba ni Ahadi: Jinsi Tunavyopanga Safari ya Uvira Hadi Fizi

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama na wafadhili, mkutano mkuu wa muungano, Baraka)



Komite imetuomba sisi tunaofanya kazi za vijijini tuwaeleze safari ya mwezi wa sita: itapita wapi, itachukua siku ngapi, nani atapanda gari, na pesa itatumikaje. Tunajua kuna maneno yanatembea. Wengine wamesema, "Pesa ya mafuta ya gari si ingenunua mbegu?" Hilo ni swali la haki, hatutalikimbia. Lakini kabla ya kulijibu turudi kwenye safari ya mwaka jana, maana wengi wenu mlisikia nusu tu ya habari yake.

Mwaka jana tulipanga safari kwa kutazama ramani. Kutoka Uvira mpaka hapa Baraka tuliona ni kama kilomita 90. Tukasema: asubuhi tunatoka Uvira, mchana tunakula Baraka, jioni tunapanda mlima tulale Fizi. Kwenye karatasi ilikuwa safi kabisa. Tukatuma ujumbe kwa kijiji kimoja karibu na Fizi kwamba kesho yake asubuhi tutakuwa pale, kushuhudia mapatano ya shamba.

Kumbe siku hiyo ilikuwa siku ya soko Mboko. Barabara ilijaa mihogo, mawese, mbuzi na watu, na gari haliwezi kupiga honi kwa mama mwenye gunia kichwani kana kwamba yeye ndiye mgeni. Pale tukaacha muda mwingi. Kila barieri nayo ilikuwa na maelezo yake. Wageni wakaomba kushuka kupiga picha za ziwa, na sisi kwa heshima hatukukataa. Tukafika Baraka usiku. Kesho yake, kwenye mlima wa kwenda Fizi, lori lilikuwa limezama kwenye matope na kuziba njia. Tukangoja mpaka jua likazama.

Tulifika kijijini siku moja baada ya ahadi. Hapo ndipo habari yenyewe inaanza.

Mapatano yalikuwa kati ya watu wawili. Mmoja ni mzee aliyerudi kutoka kambi ya Nyarugusu, akakuta shamba la baba yake linalimwa. Mwingine ni jirani yake ambaye hakukimbia, au tuseme alikimbilia porini na kurudi mara nyingi. Huyu wa pili si mwizi. Alikuta shamba limekuwa kichaka, akalifyeka, akapanda michikichi. Walizozana miaka miwili. Mwishowe wao wenyewe, pamoja na shefu wa kijiji, walipatana: sehemu ya chini karibu na kijito irudi kwa mzee, sehemu ya juu yenye michikichi ibaki kwa jirani. Waliomba kitu kimoja tu kutoka kwetu: muungano uje na macho yake, miti ya mpaka ipandwe mbele yetu, majina yaandikwe.

Mama wa nyumba zote mbili walipika pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mzee arudi. Walingoja mpaka bugali ikapoa. Jirani alikuwa ameahidiana na wenzake kwenda Misisi kuchimba dhahabu. Aliona sisi hatuji, akaondoka. Alirudi mvua ikiwa imeshaanza, watu wameshapanda, na moyo wake umebadilika kidogo. Mzee hakupanda kitu msimu ule. Tulipoenda kumwomba msamaha alituambia, "Wanangu, kambini nilijifunza kungojea. Lakini mbegu haijui kungojea."

Basi, wandugu, tunawaambia wazi: kosa halikuwa la lori, wala la soko. Soko la Mboko halikufichwa. Mtoto yeyote wa pale angetuambia siku yake kama tungemwuliza. Kosa lilikuwa letu. Tulipanga safari ya gari, hatukupanga safari ya watu wanaongojea gari. Sisi watu wa Baraka ndio tunaosema haraka haraka haina baraka, na sisi ndio tuliokuwa na haraka ya kufika Baraka. (Mmecheka, sisi tulicheka baadaye sana.)

Sasa turudi kwenye lile swali la pesa. Mbegu ni lazima, na hakuna franka ya mbegu iliyohamishwa kwenda kwenye mafuta. Lakini mbegu bila shamba lenye amani ni chakula cha panya. Safari hii ina kazi tatu.

Ya kwanza ni ile ile: kushuhudia mapatano. Wazee wawili wamekubali kukaa tena, ila wamesema hii ni mara ya mwisho.

Ya pili ni muhogo. Mnakumbuka jinsi ugonjwa wa mozaiki ulivyokausha mashamba yetu, majani yakijikunja na mizizi ikibaki kama vidole. Tuligawa vijiti vya aina ya Sawasawa, inayovumilia ugonjwa ule, kwa sharti kwamba aliyepokea fungu moja amrudishie jirani mafungu mawili. Hapa ofisini tuko na orodha nzuri. Lakini orodha haina majani. Tunataka kusimama shambani tuone jirani alipewa, au aliambiwa "kesho".

Ya tatu ni vijana. Tufikirieni jinsi tulivyorudi. Tulitoka katika vita vya 1996 na 1998, wengi tukavuka ziwa. Tangu 2005 meli zilituchukua Kigoma zikatushusha hapa Baraka. Tulirudi kwa maji. Vijana wetu waliozaliwa Nyarugusu wanajua njia ya Kasulu kuliko njia ya Swima. Wanasikia majina ya vijito katika masimulizi ya bibi zao, lakini hawajavivuka. Mtu hawezi kulinda nchi asiyoijua kwa miguu. Kwa hiyo vijana watatu watapanda gari, na kazi yao ni kuandika: kijito kinaitwaje, daraja ni la mbao au la chuma, mama wanauza nini, kisima kiko wapi.

Tumechagua mwanzo wa mwezi wa sita kwa sababu. Katikati ya mvua mashamba yanapendeza, lakini mito imejaa na mlima unateleza. Mwezi wa nane barabara ni kavu, vumbi tu, na mashamba mengi yako wazi. Mwanzo wa kiangazi mvua imekatika na mazao bado yapo machoni: karanga zinang'olewa, mpunga unapigwa, muhogo unakauka juu ya shitingi zile zile tulizopewa wakati wa kurudi. Muhogo wenyewe hukaa ardhini, unatungoja.

Siku zitakuwa tano, si mbili. Sikilizeni.

Siku ya kwanza, wageni watakaovuka mpaka wa Kavimvira kutoka Bujumbura watakuwa wameshalala Uvira. Mafuta yote tutanunua Uvira, maana mbele yanauzwa kwenye chupa na bidoni, na mara nyingine yana maji. Tutashuka na barabara ya taifa namba 5, ziwa likiwa kushoto, mlima kulia. Tutasimama Makobola. Wafadhili wetu, tunawaomba jambo moja: pale kamera zibaki garini. Mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 watu wengi waliuawa pale, na kati yetu tulio hapa wako waliozika pale. Tutasimama kidogo, tutanyamaza, tutaendelea. Baadaye tutapita Swima na kulala Mboko. Safari hii tumeuliza siku ya soko. Tutakuwa pale siku hiyo kwa makusudi, tukitembea kwa miguu. Anayetaka kujua bei ya muhogo amwulize anayeuuza.

Siku ya pili ni ya mashamba ya ukingo wa ziwa: Nundu, Lusenda, mpaka mto Mutambala. Huku ndiko mafungu mengi ya Sawasawa yalikogawiwa. Tutaona pia mama wanavyokamua mawese kwa mikono, kazi inayokula siku nzima. Wamekuwa wakituomba mashine ndogo ya kukamulia. Wafadhili, hatuwaambii kitu sasa. Mtashika ule mti wenyewe na kuzungusha, halafu tutaongea. Tutalala Baraka.

Siku ya tatu tutapanda kwenda Fizi. Hiyo njia si ndefu, lakini tumeipa siku nzima, kwa ajili ya lori ambalo hatujui kama litakuwepo. Kama halipo, tutafika mapema, tutakaa na wazee, na hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kukaa na wazee.

Siku ya nne ni ya mapatano. Katika ratiba ya siku hiyo kuna mstari mmoja tu. Hakuna kituo cha afya cha kutembelea, hakuna picha ya mwisho. Tutapanda miti ya mpaka, tutaandika majina, tutakula bugali ikiwa moto. Siku ya tano tunarudi Baraka, na yeyote atakayeona tumechelewa atakuwa amechelewa pamoja nasi.

Sasa sheria za safari. Ni chache.

Gari halitembei usiku. Jua likitukuta kijijini, tunalala kijijini.

Gari ni moja, si mawili. Mfadhili na mwanachama watakaa kiti kimoja. Mwaka jana wageni walikuwa na gari lao lenye vioo vimefungwa, na sisi letu. Tulikutana wakati wa chakula kama jamaa wa harusi wasiojuana.

Garini kutakuwa na tairi mbili za akiba, kamba, koleo na mbao mbili. Mtandao wa simu unapotea milimani, kwa hiyo mwendesha pikipiki mmoja atatangulia. Tukichelewa hata nusu siku, kijiji kijue siku hiyo hiyo, kutoka mdomoni mwa mtu.

Lori la mafuta likipinduka mbele yetu, hatulisogelei, hata kama watu wote wanakimbia na ndoo. Barabara hii hii, upande wa kaskazini wa Uvira, kule Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika, likawaka. Walikufa watu zaidi ya 200. Hatulisemi kwa kutishana. Tunalisema kwa sababu safari inapangwa pia kwa kuwakumbuka wale ambao barabara iliwachukua.

Shambani tunafuata njia iliyokanyagwa, nyuma ya mwenyeji. Hii ni nchi iliyopita vita, na si kila kitu kilichoachwa ardhini ni muhogo.

Hakuna mtu wa kuahidi kitu njiani. Mama akikuomba kisima, sema umesikia, andika, lete kwenye komite. Kwetu neno la mgeni linakaa miaka.

La mwisho ni chakula, na hapa tunawageukia wafadhili kwa upole. Mwaka jana tulibeba mikate na makopo kutoka mjini, kwa sababu makopo yana risiti. Tukapita mbele ya mama wanaouza sombe na ndagala tukiwa tunatafuna biskuti. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulikuja na mwenyeji hakupona hata kwa franka 500. Safari hii tunataka kula na kulala vijijini, na kulipa. Mama wa Mboko hana muhuri. Tunaomba mkubali daftari: jina, kiasi, sahihi au kidole gumba, na mashahidi wawili. Daftari hilo litasomwa hapa, mbele yenu na mbele ya hao mama wenyewe, kwa sauti. Sisi tunaona hiyo ni risiti nzito kuliko ile ya duka.

Wanachama, nafasi garini ni nane. Mbili za wageni, tatu za vijana, moja ya dereva, moja yetu, na moja ni ya mama mmoja atakayechaguliwa na mama wenyewe leo hii kabla hatujatawanyika. Atakuwa jicho lenu. Akirudi na kusema tulifanya vibaya, mumwamini yeye, si ripoti yetu.

Tunamalizia hivi. Wengi wetu katika miaka ya ukimbizi tulingojea: foleni ya unga, foleni ya kadi, majina kwenye ubao. Tunajua mtu anayengojea anasikia nini gari linapopita bila kusimama. Haifai sisi, tuliongojea hivyo, tuwe watu wa kuwafanya wengine wangojee bure. Ratiba tuliyowasomea tumeshaipeleka vijijini wiki iliyopita, kwa pikipiki. Kule wamekwisha kuhesabu siku.

Maswali yaanze, na mzee wa nyuma pale tuliyemwona anatikisa kichwa, tunaomba aanze yeye.