Akili ni Moja au Nyingi?

Leo tutazungumza juu ya hesabu inayotumika kuchunguza akili za watu. Msiogope neno hesabu. Njia yake mnaijua tayari kwa mito yenu.

Lumemo na Mngeta ikijaa siku moja, mnasema nini? Hamsemi kwamba mto mmoja umeuambukiza mwingine. Mnasema mvua imenyesha Udzungwa, ingawa hamkuiona.

Mwaka 1904 Mwingereza mmoja, Charles Spearman, alifikiri vivyo hivyo juu ya alama za watoto wa shule. Aliona kwamba mtoto aliyepata alama nyingi za hesabu mara nyingi alipata nyingi za Kifaransa pia. Basi akasema chini ya alama zote iko nguvu moja isiyoonekana, akaiita akili ya jumla. Kazi hiyo ya kutafuta kilichojificha nyuma ya alama huitwa uchambuzi wa vipengele. Mwaka 1938 Louis Thurstone wa Chicago alitoa habari nyingine: yeye alipata nguvu saba, kama vile ya maneno, ya namba na ya kukumbuka. Ubishi huo haujaisha.

Lakini angalieni hapa. Ukipima Lumemo na Mngeta tu, utajuaje habari za Ruhudji, utokao Njombe? Hesabu haionyeshi mvua ya mto usiopimwa.

Jambo hilo lilionekana Usenge, Kenya, kando ya Ziwa Viktoria. Robert Sternberg na wenzake waliwapima watoto wa miaka 12 mpaka 15, wakatangaza matokeo mwaka 2001. Waliwauliza msamiati, na tena wakawauliza dawa za mitishamba: ipi ni ya ugonjwa gani? Ajabu ni hii, waliojua sana dawa walielekea kupata alama chache za msamiati. Mto mmoja ulijaa, mwingine ukapungua. Karatasi ya msamiati peke yake ingewaita watoto wale wajinga.

Basi wewe mama, unayeng'oa mpunga mwitu ukauacha mpunga mwema, yote miwili ingali michanga, na wewe baba, unayeyasoma maji ya Kilombero kabla ya kusukuma mtumbwi: ujuzi wenu haukuulizwa katika karatasi za Chicago. Sisemi kusoma si kitu. Kama si kitu, tungekutana hapa kwa nini?

Kwa wiki ijayo, kila mmoja aandike maswali matatu ya kumpima mgeni akili yake shambani au mtoni. Mwalimu atayakusanya.