Nyumba ya vakansi kwa vijana: tuingie mchana, na kontra mkononi

Maneno ya harakati yetu mbele ya vijana na wenye nyumba, Bunia

Tumewaita vijana na wenye nyumba pamoja kwa sababu kila upande unasema ubaya wa mwenzake mahali ambapo mwenzake hayuko. Leo tusemane uso kwa uso.

Jambo lenyewe ni hili. Shule zinafunga mwanzo wa Julai, zinafungua Septemba. Katika miezi hiyo, na tena wakati wa Noeli na Bonane, vikundi vya vijana vinatafuta nyumba ya siku mbili ao tatu: korali, timu ya mpira, wanafunzi waliomaliza mwaka, vikundi vya mafunzo kama sisi. Wengine wanataka kushuka ziwani, Kasenyi ao Tchomia, wale samaki na wapumzike. Wengine wanataka tu nyumba yenye ua hapa mjini. Pesa wamechanga. Nyumba ipo, iko wazi. Lakini mwenye nyumba akiona vijana kumi wamesimama mlangoni, jibu linatoka mbele ya salamu: «Nyumba imekwisha pata mtu.»

Sasa vijana wanafanya nini? Tuseme ukweli, sote tunajua. Wanamtuma mmoja mwenye shati safi na sauti ya upole. Anasema ni nyumba ya familia, mke na watoto wawili. Analipa, anachukua ufunguo. Usiku, watu kumi na wawili wanaingia mmoja mmoja, na mifuko mgongoni. Jirani anachungulia dirishani. Katika mji mwingine jirani angekasirika kwa sababu ya muziki. Hapa kwetu jirani anafikiri jambo lingine, na ana haki ya kulifikiri. Tangu 6 Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa dharura wa kijeshi. Watu wamezikwa, watu wamekimbia vijiji. Kundi la vijana wasiojulikana linaloingia nyumba usiku na mifuko, Bunia hilo si jambo la kucheka. Anapiga simu kwa shefu wa kartie, shefu anapiga simu kwingine, na vakansi inaishia mahali ambapo hakuna kijana anayetaka kulala.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni kwa vijana wenzetu: ule ujanja wa shati safi uishe. Unatuweka hatarini sisi wenyewe, tena unamfundisha mwenye nyumba kwamba alikuwa na sababu ya kutukatalia. Kijana wa mwaka kesho ndiye atalipa uongo wa kijana wa mwaka huu.

Neno la pili ni kwa wenye nyumba. Woga wenu tunausikia. Mlango unavunjwa, vitanda vinavunjwa, bido za maji hazilipwi, binti wa mtu anarudi nyumbani akilia. Hata mbali na hapa watu wana woga huo. Mwaka 2019, tarehe 31 Oktoba, kwenye mji wa Orinda, California, Marekani, nyumba iliyokodiwa kupitia Airbnb ikajaa watu wa sherehe, risasi zikapigwa, watu 5 wakafa. Kampuni ikapiga marufuku nyumba za sherehe. Mwaka 2020 ikaweka sheria Marekani: mtu ambaye hajafika miaka 25 hawezi kukodi nyumba nzima karibu na pale anapokaa, isipokuwa kama wenye nyumba wengine walikwisha kumshuhudia vizuri, mara 3 ao zaidi.

Angalieni vizuri hiyo sheria. Sehemu yake ya kwanza inahukumu umri, na sisi hatuipendi. Lakini sehemu ya pili inasema: kijana akionyesha namna aliishi katika nyumba za watu, mlango unafunguka. Hapa Bunia sehemu ya kwanza tunayo tayari, sehemu ya pili hatuna. Kijana aliyekodi nyumba, akaifagia, akarudisha ufunguo kwa saa, haondoki na kitu chochote cha kumwonyesha mwenye nyumba mwingine. Mwaka ujao anaanza tena kwa sifuri, sawa na yule aliyevunja mlango.

Kuna swali lingine ambalo ni gumu zaidi, na hatutaki kulipita kimya. Mara nyingi mwenye nyumba haulizi «muko wangapi?» Anauliza «munatoka wapi?» Akisikia majina, anajua. Kikundi chenye Wahema na Walendu, Waalur, Wabira, Wanande na Walugbara pamoja ndicho kinakataliwa mbele ya vingine, maana kila mwenye nyumba anaona mmoja asiyemtaka. Kikundi cha kabila moja kinapata nyumba upesi, kwenye kartie ya kabila hilo. Ndiyo namna bei ya vakansi inatugawanya bila mtu kutoa amri.

Tunaelewa inatoka wapi. Wazee walioko hapa wanakumbuka Mei 2003, wakati jeshi la Uganda lilipoondoka na mji ukagawanyika kartie kwa kartie, mpaka askari wa Ulaya wa operesheni Artemis wakaja Juni. Na barabara ya kushuka Kasenyi inapita Bogoro. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa, raia wengi wakauawa, na mwaka 2014 Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ilimhukumu Germain Katanga miaka 12 kwa sehemu yake katika jambo hilo. Kijana wa miaka 20 leo hakuwa amezaliwa siku ile, ao alikuwa mgongoni mwa mama yake. Basi akitaka kupita Bogoro katika gari moja na rafiki wa kabila lingine, wapike sufuria moja, walale nyumba moja siku tatu, sisi tunaona hiyo ni kazi ya amani. Semina nyingi zinatafuta jambo hilo kwa pesa nyingi. Vijana wanalifanya kwa pesa yao wenyewe, na tunawafungia mlango.

Sheria inasema nini? Katiba ya 18 Februari 2006, kipengele cha 13, inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa kwa sheria ao kwa tendo la serikali kwa sababu ya kabila, dini, asili ya familia ao mahali anapokaa. Maneno hayo yanamgusa shefu wa kartie: hawezi kukataa kupokea orodha ya wageni kwa sababu ya majina yaliyo ndani yake. Mwenye parseli ni mtu binafsi, na hatukuja kumtisha kwa Katiba. Tunamwomba afikiri.

Juu ya garanti: sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi 3, na ya nyumba ya biashara isipite miezi 6. Wanafunzi wanaopanga pamoja kwa mwaka mzima, lishikeni hilo. Anayewaomba miezi sita ya garanti kwa nyumba ya kulala anavuka sheria, na komisionere anayemsaidia anajua. Kwa nyumba ya siku tatu, kinga yenu ni kontra yenu. Sheria yetu ya mikataba, dekreti ya 30 Julai 1888, kipengele cha 33, inasema mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Kwa hiyo karatasi moja mliyoandika kwa mkono, pande mbili zikatia sahihi, ina nguvu. Maneno ya mdomo nayo ni mapatano, lakini siku ya ugomvi nani atayathibitisha?

Sasa tufike kwenye kazi. Hivi ndivyo tunapendekeza kuanzia vakansi hii.

Kwanza, kikundi kiende mchana kwa mwenye nyumba, watu wawili ao watatu, msichana na mvulana, na waseme idadi ya kweli. Kama muko 12, semeni 12. Wawe watu wazima, miaka 18 na zaidi. Mwenye umri chini ya hapo aje na ruhusa ya mzazi iliyoandikwa, na mtu mzima anayemjua.

Pili, kontra iandikwe kwa nakala mbili. Iwe na tarehe ya kuingia na ya kutoka, bei, garanti, idadi ya watu, saa ya kuzima muziki, nani analipa maji na mafuta ya jenereta. Chini yake mwandike hali ya nyumba: milango mingapi, vioo vingapi, viti vingapi, na kile ambacho kilikuwa kimevunjika mbele ya nyinyi kufika. Mpige picha. Picha zitamlinda mwenye nyumba, zitawalinda na nyinyi.

Tatu, pesa. Nyumba ya dola 60 kwa siku tatu, kwa watu 12, ni dola 5 kwa kila mmoja. Kila mmoja aongeze dola 2 ya garanti, ziwe 24. Kama hakuna kilichovunjika, zinarudi siku ileile. Kama kiti kimevunjika, kinalipwa kutoka hapo, bila kelele, hata kama aliyekivunja hajulikani. Kila pesa na resi yake.

Nne, orodha ya majina ipelekwe kwa shefu wa kartie mbele ya usiku wa kwanza, na jirani wa kuume na wa kushoto wasalimiwe. Orodha iwe na jina, adresi na namba ya simu. Kabila halina nafasi katika orodha hiyo. Kwa wale wanaoshuka ziwani, ulizeni hali ya barabara siku ileile ya safari. Barabara ikiwa mbaya, vakansi ifanyike hapa mjini. Hakuna samaki anayestahili uhai wa mtu.

Tano, vyumba vya wasichana viwe na ufunguo, na ufunguo ukae kwa wasichana. Mvulana anayeona hilo ni matusi abaki kwao.

Sita, siku ya kutoka, mwenye nyumba atuandikie mistari miwili tu: walifika lini, walitoka lini, nyumba ilirudi namna gani. Hiyo barua ndiyo mali yetu. Kikundi chenye barua tatu kitakuwa na neno la kusema kwa mwenye nyumba wa nne.

Kwa wenye nyumba tunaomba kitu kimoja: tupeni mara moja, kwa kontra. Mkiona tumeharibu, tuiteni mbele ya watu, na harakati yetu itakuja kusimama na nyinyi, haitasimama na mwenye kosa.

Na kwa wakubwa wa shule na wa parokia tuna ombi pia. Mwaka 1909, mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa safarini na wanafunzi wake, mvua kubwa ikawashika, wakalala katika jengo la shule. Usiku ule akafikiri: shule ziko tupu wakati wa vakansi, kwa nini vijana wasilale humo kwa bei ndogo? Kutoka wazo hilo zilizaliwa nyumba za vijana zilizoenea nchi nyingi duniani. Hapa kwetu tunajua kuna shule na viwanja vya kanisa vilivyopokea wakimbizi wa ndani, na hao wanapita mbele ya wote. Lakini pale ambapo darasa liko tupu Julai na Agosti, na kuna maji na choo, tuongee. Tutaleta mikeka yetu, tutapiga rangi ukuta mmoja kama sehemu ya malipo.

Mfano wa kontra uko kwenye meza pale mlangoni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Chukueni, usomeni, uliza kama kuna mstari hamuuelewi. Wenye nyumba walio tayari kujaribu waandike majina yao kwa mama aliyekaa pale, na vikundi vinavyotafuta nyumba viandike upande mwingine. Mbele ya kutoka hapa leo, tungependa kontra ya kwanza iwe imetiwa sahihi.