Futari ya Majira: Tujifunze Kabla Wajuao Hawajatutoka

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazazi cha kuikaribisha Ramadhan)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wazazi wangu, ndugu zangu vijana, leo nataka tuzungumze juu ya sufuria. Msicheke! Sufuria ya Ramadhan ina mengi.

Mwajua kwamba mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko mwaka wa kalenda ya ukutani. Ndiyo maana Ramadhan yazunguka. Mwaka 2008 iliingia mwanzoni mwa Septemba, mwaka 2026 iliingia Februari, na mwaka 2030, inshaAllah, itaingia mara mbili, Januari na tena Disemba. Kwa kama miaka 33 inapitia majira yote. Lakini hebu angalieni futari zetu: masika, kipupwe, vuli au kaskazi, ni zile zile. Unga wa ngano, sukari, mafuta, na sharubati ya rangi ya chupa. Twakopa dukani mpaka Idi yatukuta na deni.

Bibi yangu kule Kwale hakukopa mboga. Masika yakishika alitutuma shambani: mchunga, mnavu, mchicha wa mwitu, majani ya kunde. Mchunga ni mchungu kweli, kwa hivyo aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akauchanganya na mboga laini, kisha akatia tui la nazi. Mvua zikikatika, kulikuwa na kisamvu, akikitwanga na kukichemsha sana, maana majani ya mhogo yana sumu yasipoiva. Mabuyu yakikauka mtini tuliyaangua, akaroweka, akachuja, akatia sukari kidogo. Hiyo ndiyo sharubati yetu ya magharibi. Ukwaju aliuweka mkavu ukamfaa mwaka mzima. Na kaskazi ikivuma, maembe: mabichi ya achari, mabivu ya futari.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipokuwa shule ya upili mjini, nilianza kuona haya. Wageni wakija kufuturu nilikuwa nafunika bakuli la mchunga, eti ni chakula cha maskini. Bibi aliniona, hakusema neno. Alipofariki, masika yalipokuja nilienda shambani peke yangu. Nikasimama katikati ya majani. Wallahi, sikujua lipi ni mchunga na lipi ni gugu! Nilirudi na kikapu kitupu.

Ndugu zangu, katika Suratul An'am aya ya 141 Mwenyezi Mungu anatutajia mimea aliyoiumba, anaturuhusu tule matunda yake yanapozaa, anatuamrisha tutoe haki yake siku ya mavuno, na anatukataza israfu. Na wasomi pia wametambua thamani ya vyakula hivi. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha ya mifano mizuri ya kuigwa. Itakuwaje sisi wenyewe tuvionee haya?

Lakini tahadhari.

Kwanza, nenda na mwenye kujua. Usionje usilolijua. Mnavu wenyewe, majani hupikwa, lakini vitunda vyake vibichi vina sumu.

Pili, usichume mtaroni, kando ya barabara kuu, wala palipopigwa dawa.

Tatu, shamba lina mwenyewe. Omba idhini kwanza. Vipi utafungua saumu kwa kitu cha wizi?

Nne, chuma ncha, usingoe shina. Wengine nao watakuja.

Ombi langu ni moja. Kabla ya Ramadhan hii kwisha, kila kijana amkalie mzee mmoja na daftari: mboga hii yaitwaje, yaota lini, yapikwaje. Kisha mfuate shambani uione kwa macho. Na siku moja kwa wiki, futari ya nyumbani iwe ya majira, na jirani apelekewe bakuli lake, wazi, bila kulifunika kwa haya.

Allah awarehemu wazee wetu waliotangulia, awape afya waliobaki, na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.